UZI: Nusu siku kwenye mahandaki ya Cu Chi, Vietnam. Njia, gharama, na namna ya kupita shimoni bila kukwama

Njia Panda (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam. Swali la Cu Chi linarudi kila mara kwenye nyuzi za safari za Asia na majibu yake yametapakaa. Nakusanya hapa. Wenye nyongeza na masahihisho karibuni, ila tusijaze uzi kwa "nakazia".

Cu Chi ni eneo la mashamba kaskazini-magharibi mwa Jiji la Ho Chi Minh, lile ambalo wengi bado wanaliita Saigon. Chini yake wapiganaji wa Kivietnam walichimba mtandao wa njia uliozidi kilomita 200. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 katika vita dhidi ya Wafaransa, ikapanuliwa sana miaka ya 1960 dhidi ya Wamarekani na serikali ya Vietnam Kusini. Mtalii haoneshwi kilomita 200. Anaoneshwa vipande vilivyohifadhiwa, na kipande atakachotambaa ndani yake kimepanuliwa ili mtu wa leo apite. Hilo lijue kabla ya kulipa.

Lijue na hili, maana ndipo wengi wanapochanganya: "Cu Chi" ya kitalii ina mageti mawili. Ben Dinh ni la karibu, kama kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, na mabasi karibu yote ya nusu siku yanakwenda huko. Ben Duoc liko mbele zaidi, ongeza nusu saa hivi ya gari. Eneo lake ni kubwa, watu wachache, na pana hekalu la kumbukumbu lenye majina ya waliokufa zaidi ya 44,000 yaliyochongwa ukutani, pamoja na mnara wa ghorofa tisa. Tangazo likisema "Cu Chi" tu bila kutaja geti, ni Ben Dinh.

Ratiba ya asubuhi ikoje? Gari linakusanya abiria mahotelini kati ya saa 1:30 na saa 2:00. Njiani saa moja na nusu hadi mbili, pikipiki zikiwa nyingi kuliko unavyofikiria. Humo kuna kituo cha karakana ya kazi za mikono, nakieleza chini. Kwenye eneo lenyewe mnakaa kama saa mbili: filamu fupi ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe iliyopigwa 1967, ramani ya ngazi za mahandaki, shimo la kujificha, mitego, kifaru cha Kimarekani aina ya M41 kilicholipuliwa, karakana ya silaha, uwanja wa kulenga shabaha, halafu handaki, halafu muhogo. Mjini mnarudi kati ya saa 7:30 na saa 8:30 mchana.

Ile ya alasiri inaondoka saa 6 na kitu na kurudi jioni. Siipendekezi. Unafika jua limepasha udongo tangu asubuhi, msimu wa mvua ngurumo huja alasiri, na kurudi unakutana na foleni ya watu wanaotoka kazini.

Gharama: basi kubwa la kundi, dola 15 hadi 30 kwa kichwa. Uliza jambo moja tu: kiingilio kimo? Kiingilio cha mgeni Ben Dinh miaka ya karibuni kimekuwa dong 125,000, yaani kama dola 5. Tangazo la bei ya chini mno karibu siku zote halina kiingilio ndani. Kundi dogo la watu 10 hivi hugharimu zaidi kidogo, na tofauti hiyo utaielewa ukiwa chini ya ardhi, maana foleni ya handakini ndiyo inayoharibu safari. Boti ya mwendo kasi kupitia mto Saigon ni mara tatu au nne ya bei ya basi. Inapendeza, inakwepa foleni ya barabarani, lakini handaki ni lile lile.

Sasa kile kituo cha njiani. Ni karakana ambako watu wenye ulemavu, baadhi yao kutokana na sumu ya kuua mimea iliyomwagwa na ndege za Marekani, wanatengeneza picha za rangi ya lakeri, maganda ya mayai na chaza. Kazi ni nzuri na unaruhusiwa kuangalia hatua zote. Duka la mwisho lina bei za juu. Dakika 20 hadi 30, na hulazimiki kununua. Ukinunua, nunua kwa sababu kitu umekipenda.

---

Mhuri

Naongezea ya viza, maana hapo ndipo safari za watu wetu zinapofia kabla hazijaanza.

Tangu 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90. Dola 25 kuingia mara moja, dola 50 kuingia mara nyingi, na hairudishwi ukikataliwa. Rasmi ni siku tatu za kazi. Wewe ombea wiki mbili kabla. Omba kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Zipo tovuti za madalali zilizopakwa rangi zikafanana nayo, zinakutoza mara tatu na kujaza fomu ile ile.

Makosa yanayokwamisha watu ni haya. Jina lisilofanana na pasipoti: kama pasipoti ina majina matatu, andika yote matatu, usiache la babu. Tarehe: wao wanaanza na siku, kisha mwezi. Picha ya ukurasa wa pasipoti yenye mng'ao wa taa juu ya zile herufi za chini. Na tarehe ya kuingia: viza inaanza siku uliyoandika, ndege ikifika saa 5 usiku wa siku iliyotangulia, unazuiwa. Kwa anayekwenda Cu Chi, kituo cha kuingilia ni uwanja wa Tan Son Nhat. Chapisha karatasi mbili. Kaunta ya shirika la ndege Dar au Nairobi wataitaka kabla ya kukupa pasi ya kupandia.

---

Kipepeo wa Jua

Asante mkuu Njia Panda. Nauliza, mtu anaweza kwenda mwenyewe kwa basi la umma bila kampuni? Na akienda mwenyewe anaruhusiwa kuzunguka peke yake?

---

Njia Panda

Anaweza, dada. Basi namba 13 kutoka mjini hadi kituo cha Cu Chi, kisha namba 79 hadi Ben Duoc. Nauli zote mbili hazifiki dola mbili. Ila jumla ni saa mbili hadi mbili na nusu kwenda tu, kwa hiyo nusu siku imekwisha kuwa siku nzima. Anza saa 12:30 asubuhi.

Teksi za kwenye simu zinakufikisha vizuri. Tatizo ni kurudi. Kule ni mashambani, dereva wa kukupokea hapatikani haraka na saa nyingine hapatikani kabisa. Patana na dereva yule yule akusubiri saa mbili na nusu, bei ya kwenda na kurudi ikubaliwe kabla ya kutoka mjini.

Kuzunguka peke yako hapana. Getini utaunganishwa na kundi lenye mwongozaji wa pale pale. Eneo ni kubwa, lina njia zilizowekwa, na nje ya njia kuna mashimo ya mabomu na mitaro iliyofunikwa na majani. Ardhi hii ilipigwa mabomu kwa miaka. Usikate kona kufuata picha nzuri.

---

Fundi Udongo

Uzi mzuri, ila naona mnazungumzia tiketi kuliko handaki. Swali la maana ni hili: njia iliyochimbwa kwa mkono, bila zege, bila nguzo, imewezaje kusimama miaka zaidi ya 50?

Jibu ni udongo. Cu Chi ina udongo mwekundu wenye chuma na mfinyanzi, jamii ya ile moramu tunayomwaga barabarani. Ukiwa na unyevu unachimbika kwa kijembe kifupi. Ukikauka unakuwa kama tofali lililochomwa. Kwa hiyo walichimba zaidi msimu wa mvua, kiangazi kikawakaushia kuta. Njia ilikuwa nyembamba kwa makusudi na dari lake lina upinde. Kadiri njia inavyokuwa nyembamba ndivyo dari linavyojibeba lenyewe. Ukipita pale, gusa ukuta. Utaona alama za jembe bado zipo.

Uchimbaji ulianza na visima vya wima vilivyoachana kwa mita kadhaa. Mtu anashuka, anachimba kulalia upande wa mwenzake, na mwenzake anamjia. Wakikutana, kisima kimoja kinazibwa au kinageuzwa tundu la hewa. Kifusi kilibebwa kwa vikapu usiku. Kukificha ndiko kulikokuwa na kazi kuliko kuchimba: rundo la udongo mbichi likionekana kutoka angani ni sawa na kupeperusha bendera. Kilimwagwa mtoni, kwenye matuta ya mashamba, na kwenye mashimo yaliyoachwa na mabomu ya adui mwenyewe.

Ngazi ni tatu. Ya kwanza mita 3 hadi 4 chini, ya pili kama 6, ya tatu 8 hadi 10. Ya kwanza inahimili mizinga na uzito wa kifaru kinachopita juu. Ya chini inahimili mabomu mengi ya ndege, si yote. Kati ya ngazi na ngazi kuna mlango wa sakafuni, kiasi kwamba anayeingia juu anaweza kufika ukuta wa mwisho akadhani handaki limeishia hapo.

Njia hazikunyooka. Zilipinda kila baada ya hatua chache ili risasi na nguvu ya mlipuko zigonge ukuta badala ya kusafiri. Kuna sehemu zilishushwa na kupandishwa zikabaki na maji, kama ile kona ya bomba chini ya sinki inayozuia harufu isirudi. Gesi au moshi ukipulizwa upande mmoja unaishia kwenye maji. Anayepita anazama pumzi moja na kutokea upande wa pili. Matundu ya hewa yalifichwa ndani ya vichuguu vya kutengeneza, na pale Ben Dinh vipo viwili vitatu vya kuonesha. Mwongozaji akisimama karibu na kichuguu na kuanza kutabasamu, angalia chini yake, kwenye usawa wa nyasi.

---

Kipepeo wa Jua

Fundi, na kupika je? Moshi si ungewaumbua?

---

Fundi Udongo

Swali zuri. Lile jiko lina jina la mpishi wa jeshi, Hoang Cam, aliyelibuni wakati wa vita na Wafaransa. Wazo lake ni kwamba moshi wa moto hauonekani kwa sababu ya wingi wake tu, unaonekana kwa sababu unapanda ukiwa umekusanyika na ukiwa wa moto. Basi aliuchosha. Moshi unatoka jikoni kwenye mfereji uliofunikwa, unaingia chumba cha kwanza unapoa, cha pili unapoa zaidi na masizi yanabaki ukutani, halafu unagawanywa kwenye mifereji midogo inayotokea mbali na jiko, chini ya majani mabichi. Unachokiona juu ni kama ukungu wa asubuhi unaotambaa ardhini. Na walipika alfajiri, wakati ukungu wenyewe upo.

Waelekezi wengine huliwasha. Ukibahatika kulikuta likiwaka, usisimame jikoni kupiga picha. Tembea hadi kwenye tundu la mwisho, ndiko kwenye maajabu.

Harufu ya binadamu nayo ilikuwa tatizo, kwa ajili ya mbwa wa jeshi. Kwenye matundu waliweka pilipili, na baadaye sabuni za Kimarekani, ili mbwa asikie harufu ya watu wa kwao.

---

Kalamu Nyekundu

Nyongeza ya historia kidogo, maana filamu pale getini inasimulia upande mmoja tu na wala haijifichi. Adui ni adui, shujaa ni shujaa. Sikiliza, lakini ujue na haya.

Januari 1966 Marekani na Australia walifanya operesheni iliyoitwa Crimp, ndipo walipoanza kuelewa ukubwa wa kilichokuwa chini yao. Mwaka huo huo Divisheni ya 25 ya Marekani iliweka kambi yake kubwa Cu Chi, karibu juu ya mahandaki hayo hayo. Januari 1967 wakaja na Cedar Falls, askari wapatao 30,000, kijiji cha Ben Suc kikafutwa na watu wake wakahamishwa. Walijaribu gesi, maji, milipuko. Mwishowe wakabaki kutuma askari wenye miili midogo, bastola mkono mmoja na tochi mkono wa pili. Ndio walioitwa panya wa mahandaki. Kazi ya kutisha, na waliifanya watu wa kujitolea.

Ila msitoke na picha kwamba mahandaki hayakuguswa. Mabomu ya ndege za B-52 yalivunja sehemu kubwa, hasa mwishoni mwa miaka ya 1960. Na waliokaa chini waliteswa na vingine zaidi ya mabomu: malaria, minyoo, nge, siafu, hewa nzito. Usiku ndio walitoka kulima na kubeba mizigo. Mwongozaji anayesema "waliishi kwa raha chini ya ardhi" mwulize walilala vipi msimu wa mvua.

---

Kipimajoto

Niingie upande wa mwili, maana watu hulipia safari halafu wanaishia kusubiri nje kwa wenzao.

Kipande cha kutambaa kwa watalii Ben Dinh ni kama mita 100 kwa jumla, na kina njia za kutokea kila baada ya mita 20 hivi. Huwajibiki kumaliza. Mita 20 za kwanza zinatosha kukupa jibu. Hata baada ya kupanuliwa, mtu mzima hasimami. Ni kuchuchumaa na kusogea kama bata, na sehemu nyingine magoti na viganja. Ndani ni joto, unyevu, hewa haitembei. Ukitoka shati limelowa.

Wasiingie: mwenye pumu isiyotulia, mwenye maradhi ya moyo, presha isiyodhibitiwa, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji wa goti au mgongo karibuni. Hawa wanaweza kufanya sehemu nyingine zote za matembezi, ni ardhi tambarare chini ya miti. Mzee anayetembea vizuri kilomita mbili hana shida juu ya ardhi.

Kwa mwenye hofu ya mahali finyu, jipime nyumbani. Walio karibu na Tanga waende mapango ya Amboni, wapite zile sehemu za kuinama. Kifua kikibana pale, Cu Chi itabana zaidi, maana Amboni kuna kumbi za kusimama na kupumua, kule hakuna.

Kinachowaletea watu taharuki sana mle ni foleni. Watu 20 wanaingia kwa mkupuo, wa mbele anasimama kupiga picha, wa katikati anabaki amekunjwa gizani, mbele kuna mgongo wa mtu na nyuma kuna uso wa mtu. Hapo moyo unaanza mbio. Kwa hiyo uingie wa kwanza, nyuma ya mwongozaji tu, au uingie wa mwisho kabisa. Wa mwisho ana faida: anaweza kurudi kinyumenyume. Katikati usikae kama una wasiwasi wowote. Acha mita mbili kati yako na aliye mbele, anapofika kwenye kona ndipo wewe uanze.

Ukishikwa na hofu mle ndani, tamka kwa sauti, "natoka hapa". Usijaribu kugeuka, mabega hayageuki. Endelea mbele hadi tundu linalofuata, ni hatua chache. Pumua kwa kutoa pumzi ndefu kuliko unavyovuta.

Mavazi: suruali ndefu ya rangi iliyokoza, raba zilizofunika vidole. Nyeupe itatoka na rangi ya moramu na haitatoka tena. Mkoba wa mgongoni uvuliwe uuachie mwenzako juu, maana unagonga dari kila hatua. Dawa ya mbu ipake kabla ya kuingia, si ndani. Maji lita moja. Popo huwa wapo. Hawaumi, wanapita tu karibu na sikio. Zima tochi ya simu usiwamulike.

---

Zege Mbichi

Kwenye lile shimo la kujificha la kupigia picha naona watu wananasa. Kuna ufundi?

---

Fundi Udongo

Upo. Tundu lina kama sentimita 30 kwa 40, na si kila mwili unaingia, hilo halina aibu. Pima nyonga, siyo tumbo. Tumbo linabonyea, mfupa haubonyei.

Toa simu, pochi na funguo mfukoni, vua mkanda wenye bizimu kubwa. Shuka kwa miguu, simama chini kabisa. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa ukiwa umeshika kifuniko. Huu ndio ufunguo: mikono ikiwa juu, mabega yanakuwa membamba. Anayeshuka mikono ikiwa ubavuni ndiye anayenasa kwenye viwiko. Sasa kunja magoti taratibu huku mwili ukiwa umekaa mshazari, bega moja kuelekea kona moja ya tundu. Fumba macho wakati kifuniko kinashuka, majani na mchanga humwagikia usoni. Kaa sekunde chache, sukuma juu kwa viganja, weka kifuniko pembeni, bonyeza kingo kwa mikono yote na ujiinue. Mwongozaji atakuvuta ukimpa mkono.

---

Zege Mbichi

Asante Fundi. Na risasi? Nasikia unaweza kupiga AK.

---

Njia Panda

Unaweza. Zipo AK-47, M16, bunduki ya rashasha ya M60 na nyinginezo. Hazimo kwenye bei ya safari. Unanunua risasi kaunta kwa fedha taslimu, kwa kawaida si chini ya 10 kwa silaha moja, na bei ya risasi moja ni kama dola mbili na ushei. Kwa hiyo andaa dola 25 hivi, na rashasha inazimaliza kabla hujajua unalenga wapi. Silaha imefungwa kwenye kishikio, huwezi kuizungusha. Vifuniko vya masikio unapewa. Vivae kabla hujafika kwenye mstari, siyo baada. Usisimame upande wa kulia wa anayepiga, maganda ya moto hurukia huko.

---

Kalamu Nyekundu

Na mimi nitasema: uwanja ule ni kasoro kubwa ya Ben Dinh. Unasimama kwenye mdomo wa shimo ambalo watu walikufa, mwongozaji anaeleza hospitali ya chini ya ardhi, na mlio wa risasi za burudani unapiga kila dakika. Wengine wanasema unakupa hisia za vita. Vita havikuwa na kaunta.

Anayetaka kimya achague Ben Duoc siku ya kazi asubuhi. Na anayepanda hadi katikati ya Vietnam aende Vinh Moc, mkoa wa Quang Tri, ufukweni kaskazini ya mto Ben Hai. Yale si mahandaki ya wapiganaji wa kuvizia, ni ya kijiji kizima kilichohamia chini kukimbia mabomu. Ngazi tatu, ya chini kabisa ina zaidi ya mita 20, vyumba vidogo vya familia pembeni mwa njia, kisima, na chumba cha kujifungulia. Watoto 17 walizaliwa humo. Dari la njia zake liko juu zaidi, watu wengi wanapita kwa kuinamisha kichwa tu. Hasara yake ni umbali: kutoka mji wa Hue ni siku nzima, siyo nusu.

---

Njia Panda

Kwa hoja ya kelele sikupingi, mkuu. Ila mwenye siku moja tu Saigon hana Quang Tri. Huyo akienda Ben Dinh asubuhi, alasiri apite Makumbusho ya Mabaki ya Vita mjini, kiingilio dong 40,000, na gari nyingi za safari hukubali kukushusha hapo. Aanze na mahandaki, amalizie na makumbusho. Ukigeuza mpangilio, picha za ghorofa ya juu zinakulemea mpaka hutaki tena kutambaa popote.

---

Akala ya Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Mmepita haraka kwa muhogo na hapo ndipo sisi tuko nyumbani.

Mwisho wa matembezi mnaketi kwa meza ndefu mnapewa muhogo wa kuchemsha na kibakuli cha karanga zilizopondwa zikachanganywa na ufuta, chumvi na sukari, pamoja na chai ya majani ya rampe (pandani). Ndicho kilikuwa chakula cha handakini, maana mpunga ulikuwa shida na muhogo hauonekani kutoka angani kama shamba la mpunga. Mzungu anapiga picha, anaonja kimoja anaacha. Wewe utauliza nazi iko wapi. Chovya muhogo ukiwa bado moto, ukipoa karanga hazishiki.

Halafu viatu. Viatu vya wapiganaji vya tairi ni akala zetu, Tanzania mnaita katambuga. Vinauzwa pale na fundi anakaa akionesha. Angalia tofauti: akala ya kwetu mikanda yake hupigiliwa misumari, yao haina msumari wala gundi. Soli hutobolewa mwanya mwembamba kuliko mkanda, mkanda wa mpira unavutwa kwa koleo na kubanwa na soli yenyewe. Ukikatika unavuta mwingine, kiatu kinaendelea. Kabla ya kulipa simama navyo na umwambie akaze. Mpira hulegea siku za kwanza. Mwongozaji atakuambia vilivaliwa kinyume ili nyayo zimpoteze adui. Mwombe avae hivyo akimbie mita kumi.

---

Mhuri

😂 Akala, hiyo ya mita kumi naichukua.

La mwisho kwa upande wangu, vitu vya kurudi navyo. Pale kuna viberiti na kalamu za maganda ya risasi, na mvinyo wenye nyoka ndani ya chupa. Kalamu ya ganda la risasi kwenye mashine ya uwanja wa ndege inaonekana risasi. Wanaichukua, na ukipita nchi ya kati kama Dubai au Doha unaweza kuhojiwa upya kwa kitu cha dola mbili. Nyoka wa chupa ana sheria za wanyamapori juu ya ile ya vimiminika. Chukua kitambaa cha mirabamiraba cha shingoni, au hizo katambuga.

---

Kipepeo wa Jua

Nimepata karibu yote, asanteni sana. Fedha nibadili kiasi gani, na laini ya simu?

---

Njia Panda

Kwa siku hiyo dong 600,000 mkononi zinatosha bila risasi: kiingilio kama hakimo, maji, na bahashishi ya mwongozaji 50,000 hadi 100,000 ukiridhika. Dola moja ni kama dong 25,000 na zaidi kidogo. Angalia noti mbili: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, na ndani ya gari lenye kiza zinafanana sana. Ya 500,000 itenge mfuko mwingine kabisa, usiitoe kulipia maji.

Laini chukua ya Viettel uwanjani, kule mashambani mtandao wao unashika vizuri. Ndio wenye Halotel ya kwetu. Handakini hakuna mtandao wa kampuni yoyote. Mwambie aliye juu mapema mtatokea tundu gani, kwa sababu mnaingilia sehemu moja na kutokea kwingine, na mkoba wako uko kwake.